Kundi la maprodyuza linasema najiona: nibadilishe muziki wangu?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, nimezaliwa Unguja na sasa naishi Dar es Salaam, ambako natengeneza muziki nyumbani kwa kompyuta. Mwezi Machi niliingia kwenye kundi la WhatsApp la maprodyuza lenye watu zaidi ya 400. Nimeweka humo kazi tatu. Mbili za kwanza zilikuwa biti za kawaida na hazikujibiwa. Ya tatu ni wimbo wa kidumbak, wenye vidumbak (ngoma ndogo), fidla na sanduku (besi ya kisanduku chenye uzi), niliowarekodi wazee wa mtaani kwetu Unguja, kisha nikaongeza sinthi (kinanda cha kielektroniki) na kuimba mwenyewe. Mmoja aliuliza, 'Hii utamuuzia nani?' Mwingine akasema najiona na natafuta kiki, watu wakaweka emoji za kucheka. Baada ya dakika chache mwenzangu aliweka biti ya amapiano inayofanana na zote nilizozisikia wiki ile, akamiminiwa sifa. Usiku mwanachama mmoja aliniandikia faragha kwamba wimbo wangu ameupenda sana, ila nisimtaje kundini. Sijawahi kutoa maoni kwenye kazi za wengine kwa sababu naona haya. Tangu siku ile nimeufuta wimbo mtandaoni mara mbili na kuurudisha, na usingizi umekuwa wa shida. Je, ni kweli utamaduni wetu hautaki mtu ajitokeze? Niwafuate, au nitoke kundini?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wimbo wako nimeusikiliza mara nne, mara mbili kwa hedifoni na mara mbili kwa simu yangu ya mkononi, na nitaurudia baadaye, kwa kuwa kuna jambo nililolisikia kwenye hedifoni na kulikosa kabisa kwenye simu, na nadhani jambo hilo limechangia yaliyokupata. Kwanza niseme ninavyoielewa barua yako. Unataka kujua kama wimbo ni mzuri, unataka kujua kama wewe umekosa adabu, na unataka kujua kama jamii yetu ina nafasi kwa mtu wa namna yako. Hayo ni maswali matatu, na kundi limekujibu yote kwa neno moja, "unajiona". Neno hilo limekuumiza kwa sababu umelipokea kama hukumu ya yote matatu.

Nianze na la utamaduni, kwa sababu ndilo lenye kosa kubwa zaidi na nalisikia kwa vijana wengi. Si kweli kwamba muziki wetu umekuwa ukimkataa anayejitenga na wengine. Katika dansi la Tanzania, bendi isiyokuwa na mtindo wake ilionekana haijakamilika. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa na Msondo, na baadaye jina la mtindo likawa ndilo jina la bendi yenyewe. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ilikuja na Sikinde. Mbaraka Mwinshehe alipoiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano mwaka 1973, alikuja na mtindo wa Masika, ili asikilizwaye asidhaniwe kuwa bado yuko kule alikotoka. Neno lenyewe, mtindo, lilibeba wajibu: uwe na namna yako ya kupiga, msikilizaji akijue kikosi chako kabla mtangazaji hajakitaja.

Na kwenu Unguja kuna mfano ulio karibu nawe zaidi. Siti binti Saad alitoka Fumba, akiuza vyungu, akaingia mjini na kuimba taarab kwa Kiswahili wakati taarab ya mjini iliimbwa zaidi kwa Kiarabu na zaidi na wanaume. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, na sahani zake zikasambaa pwani nzima. Ila kabla ya hapo na hata baada yake alisimangwa kwa nyimbo, wakimtaja asili yake ya shamba na sura yake, naye akajibu kwa wimbo. Kusimangwa huko hakukuwa dalili kwamba pwani haikumtaka. Pwani ndiyo iliyomnunua, ikamtuza, ikamkariri. Wote wawili, wasimangaji na watuzaji, walikuwa watu wa mji mmoja, na pengine baadhi yao walikuwa ni watu walewale.

Hata hivyo, historia hiyo ina upande ambao hautakufurahisha, na ningekuwa nakupendelea kama ningeuficha. Mtindo wa bendi ulikuwa mali ya bendi. Mpiga gitaa mgeni hakufika siku ya kwanza akasimama mbele. Alikaa nyuma, akabeba vyombo, akajifunza nyimbo zote za zamani, akampokea mwenzake alipochoka, na baada ya miezi ndipo kiongozi akamtazama kwa jicho lile linalosema "haya, piga wewe". Siku hiyo alipopiga kitu ambacho hakuna aliyewahi kukipiga, wenzake walikifurahia kama chao, kwa kuwa aliyekipiga alikuwa mtu wao. Kujitokeza kulikubalika, tena kulitakiwa, kwa mtu ambaye tayari alikuwa na watu wa kumpokea.

Kundi la mtandaoni limeupindua mpangilio huo. Linakuweka mbele ya watu 400 kabla hujakaa nyuma hata siku moja. Hakuna vyombo vya kubeba, hakuna mazoezi ya jioni ambapo mtu anajulikana kwa tabia yake kabla ya kujulikana kwa kazi yake. Kinachobaki cha kuonyesha kuwa wewe ni wa kwao ni kimoja tu, nacho ni kusikiliza kazi za wengine na kuzisemea. Ndiyo maana jamii nyingi za watengeneza muziki mtandaoni, huku kwetu na nje, zina kanuni, iliyoandikwa au isiyoandikwa, kwamba toa maoni kwa wenzako kabla ya kuomba maoni juu ya kazi yako. Wewe uliingia mwezi Machi, ukaweka kazi tatu, na hukusema neno kwa yeyote. Umeniambia sababu ni haya, nami nakuamini. Wao hawakuiona haya yako. Waliona mtu anayeingia, anaweka chake, anaondoka, na kwa macho ya kundi hilo ndiyo maana ya kujiona.

Kwa hiyo neno lile lilikuwa na maana mbili ndani yake. Moja ni lawama juu ya mwenendo wako, na ina chembe ya haki. Nyingine ni lawama juu ya sauti ya wimbo wako, na hiyo sioni haki yake. Aliyeandika huenda hata yeye hakuzitenganisha. Mimi mwenyewe niliwahi kusimamia kundi kama hilo, na siku moja kijana aliweka wimbo wenye mapigo yasiyolingana na gridi ya programu, yaani mistari ya kompyuta inayopanga mapigo kwa usawa. Nikamjibu maneno mawili, "rekebisha tempo", nikaendelea na shughuli zangu. Hakuandika tena. Miezi kadhaa baadaye nilisikiliza tena faili ile na kugundua kwamba ngoma ilikuwa imepigwa kwa mkono na mtu anayejua kazi yake, na kwamba kuyumba kwake ndiko kulikokuwa wimbo. Nilikuwa nimeudhika kwa sababu alikuwa mgeni asiyesalimia, na ile hasira ndogo nikaivisha nguo ya ushauri wa kiufundi. Naliandika hili ili ujue jinsi jambo hilo lilivyo jepesi kutokea, hata kwa mtu anayejiona mwalimu.

Sasa tuje kwa yule aliyekuandikia usiku. Ujumbe wake ndio sehemu muhimu kuliko zote katika barua yako, ingawa umeutaja kwa sentensi moja. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch, nchini Marekani, alichapisha majaribio ambayo mpaka leo hufundishwa. Mtu aliwekwa chumbani na wenzake kadhaa, wakaonyeshwa mstari mmoja, kisha mistari mitatu, wakaulizwa upi una urefu sawa na ule wa kwanza. Jibu lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Lakini wale wengine walikuwa wamepangwa wataje jibu lisilo sahihi, wote kwa sauti moja, na takriban theluthi moja ya majibu ya yule asiyejua mpango yalifuata kosa la wengi. Mambo mawili yalipunguza sana kufuata huko. La kwanza ni kumpa mtu huyo mwenzake mmoja tu anayesema kweli. La pili ni kumruhusu aandike jibu lake faragha badala ya kulitamka mbele ya wenzake. Yule mwanachama wa usiku ni jaribio hilo hilo mbele ya macho yako: mchana, mbele ya emoji za kucheka, alinyamaza, usiku, peke yake, akasema alichosikia. Siwezi kukuambia wako wangapi wa namna yake. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kicheko cha watu wachache mwanzoni mwa mazungumzo hakikupi idadi ya waliochekeshwa.

Kuna utafiti mwingine ulio karibu zaidi na muziki, uliochapishwa mwaka 2006 na Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts. Waliweka mtandaoni nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wakawaalika watu zaidi ya 14,000 kuzisikiliza na kupakua walizozipenda. Baadhi walisikiliza bila kujua wengine wamechagua nini. Waliobaki waligawanywa katika jamii nane zilizotengana, na ndani ya kila jamii kila mtu aliona wimbo upi umeshapakuliwa mara ngapi. Pale watu walipoonana, nyimbo zilizopendwa zilipendwa kupita kiasi na zilizoachwa zikaachwa kabisa, na wimbo uliokuwa juu katika jamii moja uliweza kuwa chini katika nyingine. Nyimbo bora kabisa mara chache zilifanya vibaya na mbovu kabisa mara chache zilifanya vizuri. Kwa zile za katikati, lolote liliweza kutokea. Ukiutazama mchana ule wa kundini kwa mwanga huo, utaona kwamba mtu wa kwanza kujibu alikuwa na uzito mkubwa kuliko anavyostahili mtu mmoja. Angetangulia yule wa usiku, huenda mazungumzo yangekwenda njia nyingine.

Usiuchukue utafiti huo kama cheti, tafadhali. Hausemi kwamba wimbo wako ni mzuri. Unasema tu kwamba mapokezi ya siku moja katika kundi moja ni kipimo kibovu cha uzuri, na kibovu pande zote mbili: hata ungesifiwa, usingekuwa umejua mengi. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na nimewaona vijana wenye vipaji wakitoa biti ileile kwa miaka mitatu kwa kuwa siku moja ilishangiliwa. Vilevile, kuwa tofauti hakuthibitishi kipaji. Wapo wanaojitenga kwa sababu hawajajifunza kupiga kwa pamoja na wengine, na tofauti yao ni pengo la ufundi lililopewa jina zuri. Wimbo wako hauko hapo. Uliyarekodi mapigo ya vidumbak bila kuyalazimisha yafuate gridi, na karibu na mwisho ngoma inapokolea umeiacha iongeze mwendo, kama inavyokuwa harusini. Hilo ni la mtu aliyesikia kidumbak kwa masikio yake na akajua cha kutogusa.

Lakini fidla umeirekodi chumbani penye feni, na mvumo wa feni uko mle tangu sekunde ya kwanza. Sauti yako imekaa nyuma mno ya sinthi katika ubeti wa pili, maneno hayashikiki. Na jambo kubwa ni lile nililolitaja mwanzo: sanduku. Kwenye hedifoni lipo, zito, linatembea vizuri. Kwenye simu halipo. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito za chini, na besi ya sanduku lako inakaa kulekule chini. Karibu kila mtu katika kundi lile alikusikiliza kwa simu. Walichokisikia ni ngoma nyepesi, cherewa (manyanga ya kutikisa) na fidla inayoelea hewani bila nguzo. Biti ya amapiano iliyofuata imetengenezwa kwa besi yenye mgongo wa juu unaosikika hata kwenye simu ya bei rahisi, na aliyeitengeneza alijua hivyo. Sehemu ya kile ulichokidhania kuwa chuki dhidi ya upekee ilikuwa wimbo kupokelewa bila mguu mmoja.

Hili linanileta kwenye swali la "utamuuzia nani", ambalo wewe umelisikia kama tusi. Huenda lilikuwa tusi, lakini lichukue kama swali. Maprodyuza husikiliza kifundi: besi iko wapi, snea, ile ngoma kali, inagonga vipi, msanii gani atanunua. Kundi lile ni karakana, na karakana haiwezi kukupa jibu la hadhira. Tazama singeli. Ilikulia Dar es Salaam, mitaa ya uswahilini, kwa kuchukua vipande vya taarab na kuvikimbiza hadi mapigo 200 na zaidi, hata kufikia 300, kwa dakika, na kwa miaka wengi wenye studio za heshima waliiita kelele. Leo inapigwa kwenye matamasha ya Ulaya, na mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017 ulisaidia sana kuifikisha huko. Watu hupenda kuisimulia hadithi hiyo kama ya wapweke walioshinda. Haikuwa hivyo. Walikuwa na vigodoro, sherehe za mtaani za usiku kucha. Walikuwa na watu waliokesha wakicheza mtaani kabla hawajawa na heshima popote, na waliyajua mapigo yanayowainua watu kwa kuwaona wakiinuka. Kidumbak nayo ni muziki wa harusi. Kabla hujaamua kwamba wimbo umekataliwa, je, kuna mtu yeyote amepewa nafasi ya kuucheza?

Kuhusu kuwafuata: kutengeneza biti ya amapiano si aibu wala usaliti. Kuna kodi ya nyumba, na biti ya kuuza ni kazi halali kama kushona sare za shule huku ukibuni magauni yako usiku. Utajifunza pia kuiweka besi mahali inaposikika, ujuzi ambao sanduku lako linauhitaji. Hatari iko pale unapoitengeneza ili wakupende, kwa sababu hapo utaacha kusikia tofauti kati ya biti uliyoimaliza na biti iliyoshangiliwa. Kama utaifanya, ifanye kwa ajili ya mteja au kwa ajili ya kujifunza, na uweke moyoni ni ipi kati ya hizo mbili.

Kuhusu kutoka kundini, ningekushauri ukae miezi miwili zaidi bila kuweka kazi yoyote. Kila wiki sikiliza kazi mbili za wenzako na uandike jambo moja mahususi: "besi na kiki (ngoma nzito) zinagombana kwenye kiitikio", au "kimya ulichokiacha kabla ya ubeti wa pili kimenishika". Haya haitaisha, lakini sentensi moja ya kweli haihitaji ujasiri mkubwa. Mjibu yule wa usiku, mshukuru, na umwombe asikilize toleo lijalo kabla ya watu wote, usimlazimishe ajitokeze. Baada ya miezi hiyo, kama bado kundi linajibu kwa kicheko na kamwe halitaji kitu mahususi katika wimbo, toka bila kuaga kwa maneno makali. Na ikiwa kicheko kitageuka kuwa matusi ya mwili wako, vitisho, au kusambaza picha zako, usisubiri hata siku mbili: piga picha za mazungumzo, toka, mweleze mtu wa nyumbani, na uende polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nchini Tanzania inautambua uonevu wa mtandaoni kuwa kosa.

Yapo mambo mawili ambayo barua haiwezi kuyamaliza. La kwanza ni sikio la ana kwa ana. Ukienda Unguja, pita katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichopo tangu mwaka 2002, ambako kidumbak na taarab hufundishwa na watu wanaozipiga. Na kama ni rahisi kwako kufika Bagamoyo, TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, nako kuna walimu wa muziki. Mwalimu aliyekaa nawe chumba kimoja atakuambia kwa dakika kumi kitu ambacho watu 400 hawawezi kukuambia kwa mwaka. La pili ni usingizi. Umeligusa kwa maneno machache, nami sitalipita. Ikiwa hali hii imezidi wiki mbili, au umeanza kukosa hamu ya kula, kukwepa watu, au kufikiri kwamba ni afadhali usiwepo, nenda kituo cha afya na umweleze daktari au mshauri wa saikolojia hivyo hivyo, bila kuona kuwa ni jambo dogo la muziki. Kwa fikra hiyo ya mwisho, nenda siku hiyo hiyo na usiende peke yako. Wakati huo zima arifa za kundi kuanzia magharibi. Kufuta wimbo na kuurudisha saa nane za usiku ni kazi ya mtu aliyechoka, na aliyechoka hafai kuamua hatima ya wimbo.

Kuhusu wimbo wenyewe, fanya hivi. Nakili mkondo wa sanduku, nakala uipandishe oktava moja, uipunguze sauti hadi isikike kama kivuli tu, kisha iongezee ukwaruzo kidogo. Sikio la binadamu likipata sauti hizo za juu hujijazia lenyewe noti ya chini ambayo spika imeshindwa kuitoa. Rudia kurekodi fidla, feni ikiwa imezimwa, na sogeza sauti yako mbele katika ubeti wa pili. Kisha uucheze kwa simu, mezani, mbele ya wale wazee waliokupigia, na uangalie kama mpiga sanduku anajisikia mwenyewe. Toleo hilo ndilo ninalolisubiri.